Mchungaji Thomas Bayes na Mpira Juu ya Meza

Mwezi huu twawaletea habari za mchungaji mmoja wa Uingereza, Thomas Bayes. Hakuwa Mwanglikana. Alizaliwa karibu na mwaka 1701, mwana wa Mchungaji Joshua Bayes wa London. Watu wa dhehebu lao hawakupokelewa Oxford siku zile, kwa kuwa walikataa kutia sahihi masharti ya Kanisa letu. Jambo hilo latutia haya kidogo. Basi mwaka 1719 akaenda Edinburgh kusoma mantiki na elimu ya Mungu. Baadaye aliongoza kanisa mjini Tunbridge Wells, na mwaka 1742 akaingizwa katika Royal Society, chama cha wataalamu.

Swali lililomshika ni hili: tukiona matokeo, twawezaje kukisia chanzo kisichoonekana? Alitoa mfano wa meza. Tufanye mtu ameipa kisogo. Mpira wa kwanza unatupwa, naye hajui umekomea wapi. Inatupwa mingine, naye anaambiwa tu kama kila mmoja umekomea kushoto au kulia kwa ule wa kwanza. Kila habari yasahihisha kisio lake.

Tulete jambo hili Mkomaindo, kwa hesabu ya mfano tu. Kipimo cha damu kinawatambua 9 katika kila wagonjwa 10 wa malaria, lakini kinamsingizia mmoja katika kila 10 wasio nayo. Wakati wa kiangazi, katika watoto 100 wenye homa, 10 wana malaria. Kipimo kitawaonyesha 18, na nusu yao hawana! Wakati wa masika wenye malaria wakiwa 60, kitawaonyesha 58, na 54 kati yao wanayo kweli. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni yale tuliyoyajua kabla ya kupima.

Bayes alifariki Aprili 7, 1761, na maandishi hayo hayajachapwa. Rafiki yake, Mchungaji Richard Price, aliyakuta katika karatasi zake, akayashughulikia, na yakasomwa mbele ya Royal Society Desemba 23, 1763.

Hata hivyo malaria hutegemea mvua, mbu, vyandarua na mwinuko wa nchi, vyote pamoja, na hesabu ya namna hiyo ilimshinda mtu mwenye kalamu. Mwaka 1953 wataalamu wa Los Alamos, Marekani, walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutembea kwa kubahatisha, ikikubali hatua hii na kukataa ile. Tangu miaka ya 1990 njia hiyo imetumika sana kwa hesabu za Bayes. Ni kama kuutupa mpira mara maelfu, na kukaa zaidi mahali panapopatana na yaliyoonekana.

Ndivyo zilivyotengenezwa baadhi ya ramani za malaria za Afrika. Kinachotupendeza ni kwamba zinaonyesha na mashaka yake: penye watu wachache waliopimwa damu, mashaka ni makubwa, na kijiji hakihesabiwi salama kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kupima.

Bayes amezikwa Bunhill Fields, London. Price naye amelazwa makaburi hayohayo.