Edwin Drake: Alichimba Kisima, Wakateka Wengine

Kabla ya mafuta ya taa kufika mwambao wetu, nyumba nyingi ziliangazwa kwa mafuta ya nazi na ya ufuta. Kisha yakaja mafuta ya ng'ambo ndani ya mikebe ya bati ya galoni nne, na mkebe huo, ambao sisi twauita debe, ukabaki kuwa kipimo cha mahindi na mchele hata baada ya mafuta yenyewe kwisha. Wanaopima kwa debe ni wengi. Wanaomjua mtu aliyeifungulia mlango biashara ile ni wachache. Mtu huyo ni Edwin Laurentine Drake wa Marekani, ambaye hakuwa mhandisi, wala mwanachuoni, wala mtoto wa tajiri.

Drake alizaliwa tarehe 29 Machi 1819 huko Greenville, katika jimbo la New York, akakulia shambani. Ukubwani alishika kazi hii na ile: karani wa hoteli, muuza duka, na mwishowe kondakta wa gari la moshi, maskani yake yakiwa New Haven, Connecticut. Mwaka 1857 maradhi yalimwachisha kazi. Akabaki na mali moja tu ya maana, nayo ni ruhusa ya kupanda gari la moshi bila kulipa nauli.

Wakati huo kulikuwa na kundi la wafanyabiashara waliotamani mafuta yaliyokuwa yakichuruzika ardhini kando ya kijito cha Oil Creek, karibu na kijiji cha Titusville, Pennsylvania. Wenyeji wa kabila la Seneca waliyajua tangu zamani, wakiyatumia kama dawa. Watu walitandaza blanketi juu ya maji yenye mafuta, kisha wakalikamua. Mwaka 1855 Benjamin Silliman, mwalimu wa kemia wa chuo cha Yale, alithibitisha kwamba mafuta hayo yakisafishwa huwaka vizuri katika taa. Ilikuwa habari njema, maana mafuta ya nyangumi yalikuwa ghali mno. Lakini kwa kukamua blanketi, utajaza pipa lini?

Ndipo wenye kampuni walipomtuma Drake, na sababu moja ya kumchagua ilikuwa ile ruhusa yake ya kusafiri bure! Ili wanakijiji wamstahi, barua zake zilitangulizwa zikiwa zimeandikwa cheo cha Kanali, cheo ambacho hakuwa amekipata katika jeshi lolote. Jina hilo likamganda mpaka leo.

Drake alihamia Titusville mwaka 1858, akaanza kwa kuchimbisha shimo la kawaida, na maji yakalijaza. Akaona heri aige wachimbaji wa visima vya chumvi, waliotoboa ardhi badala ya kuifukua. Kupata fundi kulimchukua karibu mwaka mzima, hata katika masika ya 1859 akaja William Smith, mhunzi aliyezoea kufua zana za visima vya chumvi. Mtaimbo mzito wenye ncha kama tindo ulifungwa kamba, ukawa unapandishwa na kuangushwa kwa nguvu za injini ya mvuke, ukipasua kidogo kidogo. Lakini kando ya kijito ardhi ni mchanga na kokoto: kila wakitoboa, kuta ziliporomoka na maji yakaingia.

Hapo ndipo akili ya kondakta ilipofanya kazi. Drake alinunua mabomba ya chuma cha kusubu, kila kipande futi 10, akayaunga na kuyapigilia ardhini kama mtu apigiliaye nguzo, mpaka yakagota mwamba katika kina cha futi 32. Kisha mtaimbo ukapitishwa ndani ya bomba. Mchanga na maji vilibaki nje, tundu likakaa wazi, na kazi ikaenda kiasi cha futi tatu kwa siku.

Haki yataka tuseme kwamba hakuwa wa kwanza katika kila jambo. Karibu na Baku kisima cha mafuta kilikwisha tobolewa katika miaka ya 1840, na wachimba chumvi wa Marekani walipata kukinga tundu kwa shina la mti lenye uwazi ndani. Lakini Drake ndiye aliyetia bomba la chuma katika kazi ya mafuta na kuonyesha kwamba kazi hiyo yalipa. Hata leo kisima cha mafuta hukingwa kwa bomba.

Fedha za kampuni zilikwisha, wanakijiji wakamcheka. Drake alikopa dola 500 kwa dhamana ya marafiki, akaendelea, na barua ya kumtaka afunge kazi ikawa njiani. Jumamosi tarehe 27 Agosti 1859, mtaimbo ulitumbukia katika ufa kwenye kina cha futi 69 na nusu. Wakaenda zao nyumbani. Jumapili Smith alipochungulia bombani, aliona mafuta yanaelea.

Bonde zima likapagawa. Watu walikimbilia kununua na kukodi ardhi, minara ya mbao ikaota kama uyoga, na kila aliyechimba alitumia bomba la Drake. Pipa lililouzwa dola 20 mwanzoni mwa 1860 liliuzwa senti 10 mwisho wa 1861, kwa wingi wa mafuta. Na Drake je? Hakukimbilia ardhi, wala hakuandikisha uvumbuzi wake serikalini uwe haki yake kisheria. Mlinganishe na Edward Roberts, aliyebuni namna ya kulipua baruti chini ya kisima ili mafuta yatoke kwa wingi. Yeye alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1866, akawatoza wachimbaji na kuwashitaki walioiba njia yake, akatajirika.

Drake aliondoka Titusville mwaka 1863 na akiba yake, akaipoteza katika biashara ya hisa. Maumivu ya mishipa yakamlemaza, umaskini ukamwandama, mpaka watu wa Titusville wakamchangia fedha. Mwaka 1873 jimbo la Pennsylvania lilimkatia dola 1,500 kwa mwaka. Alifariki tarehe 9 Novemba 1880 mjini Bethlehem. Mwaka 1901 mnara wa fahari ulisimamishwa Titusville kwa ukumbusho wake, na mifupa yake ikahamishiwa hapo. Aliyeulipia ni Henry Rogers, mmoja wa wakuu wa Standard Oil, kampuni iliyotajirika kwa mafuta.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Drake alivumilia, na mbivu zikaliwa na wengine. Mafundi wetu, wa majahazi, wa vyuma na wa mashine za kukamulia nazi, hubuni mengi ambayo kesho yake huigwa na mtaa mzima. Subira ni nzuri, na akili ni nzuri. Lakini ajuaye kuchimba na ajifunze pia kuandikisha, asije akaachiwa mnara kaburini badala ya riziki ya wanawe.