Mzee Karume na Amana ya Silaha

Kutoka Nyundo hadi Zanzibar ni mbali, lakini maisha ya Marehemu Mzee Abeid Amani Karume yanamhusu kila avaaye sare.

Alizaliwa mwaka 1905, akawa baharia kwa miaka mingi, kisha akakiongoza chama cha Afro-Shirazi kilichoundwa mwaka 1957. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, yalimfanya Rais wa Zanzibar; na baada ya Muungano wa mwezi Aprili, akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania.

Serikali yake iliwagawia wakulima mashamba ya eka tatu tatu, ikafuta ada za shule, ikaanza kujenga majumba ya Michenzani. Lakini haikuwapa wananchi nafasi ya kumchagua Rais wao wa visiwani, na baadhi ya wapinzani waliwekwa kizuizini au kuuawa.

Tarehe 7 Aprili, 1972, Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui, akafariki. Miongoni mwa wauaji alikuwamo luteni wa jeshi. Wazanzibari walimchagua Rais wao kwa kura mwaka 1980.

Nasi tujifunze: pasipo kura, bunduki hutamani kuamua. Askari anayekubali kuwa mwamuzi amevunja kiapo chake, kwani silaha tuliyokabidhiwa ni amana ya wananchi.