Mfalme Karl na Mwangalizi wa Watumishi wa Serikali

Uswidi ni nchi ya Ulaya ya kaskazini. Huko baridi ni kali sana. Karl alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa nchi hiyo, mwaka 1682. Baba yake alikuwa mfalme. Baba alipofariki mwaka 1697, Karl alirithi ufalme akiwa na umri wa miaka 14. Anajulikana kama Karl wa Kumi na Mbili.

Mwaka 1700 majirani waliungana kumpiga vita. Karl aliondoka Stockholm kwenda vitani. Hakurudi tena katika mji huo. Mwanzoni alishinda. Lakini mwaka 1709 Warusi walilishinda jeshi lake huko Poltava, katika nchi ambayo leo inaitwa Ukraine. Karl alikuwa na jeraha la mguu, akabebwa kwa machela. Alikimbilia nchi ya Sultani wa Waturuki. Alikaa huko miaka mitano.

Taabu nyumbani

Nyumbani Uswidi watu walipata shida. Vijana walichukuliwa vitani. Kodi zilikuwa nzito. Mwaka 1710 tauni iliua watu wengi. Mfalme alitawala kwa barua kutoka mbali. Mkulima akitozwa kodi kuliko sheria inavyosema, alalamike kwa nani? Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

Mwezi wa Oktoba 1713 Karl alitia sahihi amri akiwa huko ugenini. Aliweka ofisa wa kuwaangalia mahakimu na watumishi wote wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuona kama wanafuata sheria na kutimiza wajibu. Asiyefanya hivyo ashtakiwe. Ofisa huyo aliitwa ombudsmani. Kwa Kiswidi maana yake ni mtu anayesimamia mambo kwa niaba ya wengine.

Lakini kulikuwa na kasoro. Ofisa huyo alikuwa mtu wa mfalme. Aliweza kumchunguza mtoza kodi. Hakuweza kumzuia mfalme, na mfalme ndiye aliyeendeleza vita vilivyoleta kodi hizo. Karl alitoka Uturuki mwaka 1714, akaendelea kupigana. Mwaka 1718 alipigwa risasi ya kichwa alipozingira ngome huko Norwe. Alikufa akiwa na miaka 36.

Wananchi wapata mtu wao

Waswidi hawakuisahau kazi ile. Mwaka 1809 waliandika katiba mpya. Iliamuliwa kwamba bunge lichague ombudsmani wake, asiyekuwa mtumishi wa mfalme. Wa kwanza alichaguliwa mwaka 1810. Jina lake lilikuwa Lars Augustin Mannerheim. Baadaye nchi nyingi ziliiga.

Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966. Wajumbe wake walisafiri mikoani kusikiliza wananchi. Mwaka 2001 kazi hiyo ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Uchunguzi hufanywaje?

Mwananchi hupeleka malalamiko yake kwa barua au kwa mdomo. Mchunguzi hutazama kwanza kama jambo hilo linahusu ofisi ya umma. Kisha huitaka ofisi hiyo ijieleze. Husoma majalada. Huwauliza mashahidi. Hasikilizi upande mmoja tu, kwa sababu mlalamikaji naye anaweza kukosea. Mwisho hutoa maoni yake: nani amekosa, na kosa lirekebishwe vipi. Mara nyingi yeye si hakimu, hafungi mtu. Nguvu yake ni kuufichua ukweli.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Ukionewa na ofisi ya umma, andika tarehe, jina la ofisi na jambo lilivyotokea. Usiongeze chumvi. Tunza risiti na barua zako. Karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Maswali
1. Karl alikuwa wapi alipotia sahihi amri ya mwaka 1713?
2. Ofisa wa mfalme alikuwa na kasoro gani?
3. Kwa nini mchunguzi husikiliza pande zote mbili?
4. Zungumzeni darasani: katika kijiji chenu, mtu akitozwa fedha bila kupewa risiti, afanye nini?