Champollion na kaka yake

Jean-François Champollion alizaliwa tarehe 23 Desemba 1790 huko Figeac, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa muuza vitabu. Inasimuliwa kwamba mtoto alijifunza kusoma peke yake, kwa kulinganisha sala alizozijua kwa moyo na maneno aliyoyaona kitabuni.

Shuleni mambo yalikwenda vibaya. Hesabu zilimshinda, tahajia ya Kifaransa ilimchosha, na hasira zake zilikuwa karibu. Familia ikamtoa na kumtafutia mwalimu wa nyumbani. Huyo naye akamwarifu kaka mkubwa kwamba kuna siku kijana anataka kujua yote, na siku nyingine hataki kugusa lolote. Kwetu taarifa kama hiyo hufuatwa upesi na neno mvivu, na pengine fimbo.

Kaka huyo, Jacques-Joseph, alimzidi kwa miaka 12. Alifanya kazi Grenoble, na elimu yake aliitafuta mwenyewe kwa kusoma vitabu. Mwaka 1801 alimchukua mdogo wake akae naye, akamlipia masomo na kumfuatilia kwa karibu. Akaona kwamba uchovu wa mtoto ulikuwa na mpaka: mbele ya lugha uliisha. Basi akamwachia njia hiyo: Kiebrania, Kiarabu, Kisiria.

Hakumwondolea nidhamu. Kuanzia 1804 kijana alilala katika lise ya Grenoble, ambako maisha yaliendeshwa kama kambi ya askari. Aliteseka, akaandika barua nyingi za malalamiko. Kaka hakumtoa, alimtafutia vitabu, na kijana akapata ruhusa ya kujisomea lugha zake humo humo.

Mwaka 1807 alikwenda Paris. Alisoma kwa Silvestre de Sacy, na Kikopti alijifunza kwa padri mmoja kutoka Misri. Fedha hazikukaa mfukoni mwake. Kaka aligomba, kisha akatuma nyingine.

Kikopti ndicho kilichomfungulia mlango. Ni hatua ya mwisho ya Kimisri cha kale, iliyoandikwa hasa kwa herufi za Kigiriki. Aliyekijua aliweza kutambua maneno ya Kimisri ndani ya hieroglifu, mara sauti za alama zilipoanza kujulikana. Septemba 1822 Champollion alieleza ugunduzi wake katika barua kwa Dacier, katibu wa Akademia, ambaye Jacques-Joseph alikuwa msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba siku alipopata ufumbuzi alikimbilia ofisini kwa kaka, akamtangazia, akaanguka na kuzimia.

Alikufa tarehe 4 Machi 1832, akiwa na miaka 41, akaacha rundo la karatasi ambazo hazijachapishwa. Kidole kimoja hakivunji chawa: kaka alizikusanya na kuzipanga. Sarufi ya Kimisri ilianza kutoka mwaka 1836, na Kamusi mwaka 1841.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunaidai familia hiyo deni mbili. Jina moja tunalikariri darasani. Jingine ni la mtu aliyekataa kumwita mdogo wake mvivu, na ambaye, hata baada ya kumzika, aliendelea kumpangia karatasi zake.