JUAN DE LA CIERVA NA SANAA YA KUTUA

Aghalabu watu wanapoitazama ndege hutazama mabawa na injini, wala hawaitazami miguu yake. Lakini askari aliyepata kuruka kwa mwavuli anajua vyema kwamba safari haijaisha mpaka nyayo zimegusa ardhi, na kwamba asiyekunja magoti wakati huo huenda akavunjika mifupa ingawa mwavuli wake ulifunguka sawasawa. Leo tunakusudia kuwasimulia wasomaji wetu walio katika majeshi na polisi maisha ya mhandisi Mhispania, Juan de la Cierva, ambaye alitumia umri wake kutafuta chombo cha angani kitakachoweza kumrudisha rubani ardhini salama.

De la Cierva alizaliwa tarehe 21 Septemba 1895 katika mji wa Murcia, kusini-mashariki mwa Hispania. Baba yake alikuwa mwanasiasa mashuhuri aliyepata kushika uwaziri mara kadhaa, ukiwamo Uwaziri wa Vita. Kijana huyo alivutiwa na eropleni tangu utotoni. Mwaka 1912, akiwa na rafiki zake wawili, Barcala na Díaz, aliunda ndege iliyoruka kweli, nao wakaiita BCD-1 kwa herufi za kwanza za majina yao. Baadaye alisomea uhandisi wa barabara na mifereji mjini Madrid, lakini moyo wake ulibaki angani.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea mwaka 1919. De la Cierva alikuwa ameunda ndege kubwa ya kivita yenye injini tatu. Siku ya kuijaribu, rubani alikata kona karibu na ardhi huku mwendo ukiwa mdogo. Mabawa yakakosa upepo wa kutosha wa kuyabeba, ndege ikaanguka na kuvunjika. Rubani alinusurika. Mhandisi huyo hakuridhika kuitupia lawama mikono ya rubani. Alijiuliza kwa nini uhai wa watu utegemee mwendo wa ndege nzima, hata ikawa ikipunguza kasi kidogo tu kupita kiasi, basi inageuka jiwe.

Jawabu lake lilikuwa kuutenga mwendo wa mabawa na mwendo wa ndege. Aliwaza chombo chenye propela mbele kama eropleni nyingine, lakini juu yake kiwe na mapanga marefu yanayozunguka. Mapanga hayo hayaendeshwi na injini kama yale ya helikopta, bali huzungushwa na upepo wenyewe chombo kinapokwenda. Injini ikizimika, chombo huanza kushuka, upepo ukapita katika mapanga kutoka chini, nayo yakaendelea kuzunguka na kukibeba. Chombo hicho alikiita otojiro.

Otojiro zake tatu za kwanza, alizoziunda kati ya mwaka 1920 na 1922, zilishindwa. Kila zilipotaka kuondoka zilielemea upande mmoja na kupinduka. Sababu yake ni kwamba panga linalokwenda mbele hukutana na upepo mkali zaidi kuliko lile linalorudi nyuma, kwa hiyo upande mmoja hubebwa kuliko wa pili. De la Cierva alitatua tatizo hilo kwa kitu ambacho kila seremala anacho, yaani bawaba. Aliyafunga mapanga kwa bawaba penye shina ili kila moja liweze kupanda na kushuka lenyewe, na tofauti ya nguvu isikifikie kiwiliwili cha chombo. Mwezi Januari 1923, otojiro yake ya nne, C.4, iliruka katika uwanja wa Getafe karibu na Madrid, ikirushwa na ofisa wa jeshi, Alejandro Gómez Spencer. Mwezi huo huo injini ilizimika mara tu baada ya chombo kuondoka, pua ikiwa imeelekea juu. Eropleni ya kawaida ingeanguka. Otojiro ilishuka polepole ikatua salama.

Hapo ndipo tunapofika kwenye miguu. Eropleni ya kawaida hutua kwa kuteleza juu ya uwanja mrefu, na kishindo chake husambaa katika mwendo wa mbele. Otojiro yaweza kushuka karibu wima, na kishindo chote hupokelewa na miguu. Hesabu yake ni nyepesi. Chombo kinachoshuka kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde huigonga ardhi sawa na kitu kilichoangushwa kutoka kimo cha mita moja na robo hivi. Kikisimamishwa ndani ya sentimita 2 tu, nguvu ya mshtuko hupita mara 60 ya uzito wa chombo chenyewe. Kikisimamishwa taratibu ndani ya sentimita 30, nguvu hiyo hushuka hadi mara 4 hivi. Hiyo ndiyo siri ya kukunja magoti.

Hata hivyo springi peke yake haitoshi, kwa maana springi huirudisha nguvu iliyoipokea, chombo kikadunda, kikainama upande, na panga likapiga ardhi. Ndiyo maana huhitajika shokomzoba, ambayo ndani yake oili husukumwa kupitia tundu dogo, na nguvu ya kishindo ikageuka joto badala ya kurudi. Tena miguu yapasa kutanuliwa, kwani chombo kilichobeba mapanga mazito juu hupinduka kwa urahisi. Otojiro za de la Cierva zilizofuata, kama C.19 ya mwaka 1929 na C.30 ya mwaka 1933, zilikuwa na miguu ya namna hiyo, iliyotanuka na yenye shokomzoba za mwendo mrefu.

Wakati huo mhandisi wetu alikuwa amehamia Uingereza. Mwaka 1925 alionyesha chombo chake Farnborough mbele ya wakuu wa serikali, na mwaka 1926 kampuni ya otojiro ikaanzishwa. Mwezi Februari 1927, panga la otojiro mojawapo lilikatika hewani huko Hamble, na rubani Frank Courtney akaponea chupuchupu. De la Cierva aliongeza bawaba ya pili, inayoliruhusu panga kwenda mbele na nyuma kidogo ili lisikatike shinani. Mwaka uo huo alijifunza urubani, na tarehe 18 Septemba 1928 alirusha otojiro yake mwenyewe kutoka Croydon, akavuka mlango-bahari hadi Paris akiwa na abiria mmoja.

Lakini bawaba hiyo ya pili ilileta hatari nyingine, nayo inawahusu hasa wenye kupenda miguu laini. Chombo kikiwa ardhini, mapanga yakiachana kidogo na nafasi zake, uzito wake huhama kutoka katikati na kukivuta chombo huku na huku juu ya springi za miguu. Mapigo hayo mawili yakilingana, chombo hutikisika kwa nguvu inayozidi kila mzunguko, hata kikavunjika kwa muda mfupi sana. Askari wote wanajua kwa nini kikosi huamriwa kuacha hatua za pamoja kinapovuka daraja. Ni sababu ile ile. Basi mapanga hufungwa vizuizi vya kupunguza mtikisiko penye bawaba, na shokomzoba za miguu nazo hufanya kazi hiyo. Wataalamu wa Marekani waliikamilisha hesabu ya jambo hili katika miaka ya 1940, ikawafaa mno waunda helikopta.

Majeshi hayakuchelewa kuona faida. Tarehe 7 Machi 1934, de la Cierva mwenyewe alitua kwa C.30 juu ya sitaha ya manowari ya Hispania iitwayo Dédalo, kisha akaondoka tena hapo hapo. Jeshi la Anga la Uingereza lilinunua otojiro hizo kwa ajili ya kushirikiana na majeshi ya nchi kavu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitumika kusahihisha vipimo vya rada. Polisi wa London nao walizijaribu katika miaka ya 1930 kwa kuangalia umati na magari kutoka juu. Mwezi Julai 1936 ilionyeshwa kwa watu otojiro iliyoweza kuruka wima kutoka ardhini bila kukimbia hata hatua moja.

Haifai kuficha upande mwingine wa maisha yake. Mwezi huo huo wa Julai 1936, de la Cierva alisaidia kukodishwa kwa ndege iliyotoka Croydon na kumchukua Jenerali Franco kutoka Visiwa vya Canary hadi Moroko, ili aongoze uasi dhidi ya serikali ya jamhuri. Vita vilivyofuata viliiunguza Hispania kwa karibu miaka mitatu, na ndugu yake, Ricardo, aliuawa huko Paracuellos katika mwezi wa Novemba mwaka huo huo.

Tarehe 9 Desemba 1936, de la Cierva alipanda eropleni ya abiria ya shirika la KLM kutoka Croydon kwenda Amsterdam. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ilipotoka njia wakati wa kuondoka, ikagonga nyumba na kuwaka moto. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 15 walikufa, naye akiwa mmoja wao, pamoja na Arvid Lindman, aliyekuwa zamani Waziri Mkuu wa Sweden. De la Cierva alikuwa na umri wa miaka 41.

Kazi yake haikufa. Bawaba zake ziliingia katika helikopta, na helikopta hizo hizo ndizo zinazowabeba majeruhi wa vita na wa mafuriko. Otojiro nayo inaishi kwa mafundi wanaojiundia vyombo vidogo majumbani, hasa tangu Igor Bensen wa Marekani alipoanza kuuza michoro yake katika miaka ya 1950. Vyombo hivyo vya mwanzo vilikuwa vyepesi sana, na kishindo kiliachiwa matairi na kunyumbuka kwa mabomba ya fremu. Mafundi wengine wamefunga baadaye shokomzoba, hata za pikipiki. Kwa maoni yetu hao ndio walioelewa somo la mwaka 1919, kwamba chombo huundwa kwa kufikiria siku ambayo injini itazimika na mkono wa rubani utakosea, maana siku hiyo haikosi kufika.