Thomas Legge, daktari aliyeacha kazi kwa ajili ya mafundi

Ndugu zangu wa Muscat, Dubai na kwengineko, leo nakusimulieni habari za Sir Thomas Legge, daktari wa hapa London aliyefariki mwaka 1932. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu tunajenga, na aliyoyashikilia yanatuhusu hasa sisi tunaowalipa mafundi.

Legge alizaliwa Hong Kong mwaka 1863. Baba yake, James Legge, alikuwa mmisionari wa Scotland, na baadaye akawa profesa wa kwanza wa Kichina huko Oxford. Kijana alisomea udaktari Oxford na hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka 1898 serikali ikamteua daktari mkaguzi wa viwanda, wa kwanza Uingereza kushika kazi hiyo.

Wakati ule madini ya risasi yakiwaua wafanyakazi wengi. Legge akasisitiza kwamba sumu yake inaingia zaidi kwa pumzi, kwa vumbi na moshi. Zuia vumbi lisivutwe, umezuia ugonjwa. Akashikilia na jambo la pili: mwenye kazi asipotimiza yote yaliyo juu yake, mfanyakazi hana kubwa la kufanya kujikinga. Kumwambia kibarua ajihadhari tu, basi, haitoshi.

Mafundi rangi nao walikuwa taabuni, maana walipiga msasa rangi kuukuu yenye risasi, vumbi likajaa chumba. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo mengi. Uingereza ikakataa kuuridhia, ikatunga kanuni tu. Mwaka 1926, mwaka mmoja baada ya kupewa cheo cha Sir, Legge akajiuzulu. Akaenda kuwa mshauri wa afya wa TUC, muungano wa vyama vya wafanyakazi.

Leo vumbi la kuogopwa kwenye ujenzi ni la silika. Imo ndani ya zege, matofali, na kwa wingi sana katika mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni. Punje zake ndogo hazionekani kwa macho. Zinashuka mpaka ndani ya mapafu na kuyatia makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauponi. Hapa Uingereza kikomo ni miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Australia wameyapiga marufuku mawe hayo tangu Julai 2024.

Kinga yake si ngumu. Mashine imwagiwe maji inapokata, au ifungwe kifaa cha kunyonya vumbi. Barakoa inayokaa sawasawa usoni iongezwe juu ya hayo, si badala yake. Na vumbi lisifagiliwe kavu.

Kwa hiyo unapompa mkandarasi kazi, muulize atazuia vipi vumbi, na gharama yake iandikwe kwenye mkataba. Tumelelewa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Pumzi yake nayo ni amana kwetu.