Jacques Cousteau: Mwanamaji aliyeifungua bahari, kisha akageuka mtetezi wake

KABLA ya mwaka 1943, mzamiaji aliyetaka kukaa chini ya bahari kwa muda mrefu alikuwa mtumwa wa mpira. Alivikwa kofia ya shaba na viatu vya risasi, akashushwa kwa kamba, huku wenzake walio melini wakimpelekea hewa kwa pampu. Mpira ukikatika au ukijikunja, uhai wake ulikuwa mashakani.

Miongoni mwa waliomkomboa kutoka kwenye kifungo hicho ni ofisa wa Jeshi la Majini la Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, ambaye baadaye sura yake nyembamba na kofia yake nyekundu ya sufu vilijulikana kote ulimwenguni kupitia televisheni.

Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Utotoni alikuwa na afya dhaifu, lakini alipenda maji na kamera. Mwaka 1930 alijiunga na chuo cha wanamaji kilichopo Brest, akiwa na ndoto ya kuwa rubani wa ndege za jeshi.

Ndoto hiyo ilizimwa mwaka 1936 na ajali ya gari iliyomvunja mikono. Alipohamishiwa Toulon, alianza kuogelea baharini ili viungo vyake vipate nguvu. Huko, ofisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya kutazamia chini ya maji. Alichokiona humo kilimfanya aisahau ndege.

Mwaka uliofuata alimwoa Simone Melchior, binti wa ukoo wa wanamaji. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, Jean-Michel na Philippe.

Vali iliyotoka kwenye gari

Tatizo la kupumua chini ya maji si uchache wa hewa pekee. Kila mita 10 mzamiaji anazoshuka, shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi kinacholingana na uzito wa anga lote lililo juu ya bahari. Mapafu hubanwa, na kifua hakiwezi kuvuta hewa isipokuwa hewa hiyo nayo iwe na shinikizo lile lile la maji yaliyomzunguka mzamiaji.

Cousteau na wenzake hawakuwa wa kwanza kulishughulikia jambo hilo. Wafaransa Rouquayrol na Denayrouze walikuwa wameunda chombo chenye vali ya namna hiyo tangu miaka ya 1860, lakini mitungi ya wakati wao haikuweza kubeba hewa ya kutosha.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, petroli iliadimika na magari yakalazimika kuendeshwa kwa gesi. Mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza vali ya kupimia gesi hiyo kadiri injini ilivyoihitaji. Baba mkwe wa Cousteau, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, ndiye aliyewakutanisha.

Jaribio la kwanza, katika mto Marne karibu na Paris mapema mwaka 1943, halikuridhisha. Cousteau alipolala chombo kilifanya kazi vyema, lakini aliposimama hewa ilivuja ovyo, na alipogeuka kichwa chini ilikuwa vigumu kupumua. Waligundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na vali, hivyo shinikizo halikuwa sawa kati ya sehemu hizo mbili. Walipoviweka pamoja, tatizo lilikwisha.

Juni mwaka huo, katika pwani ya kusini mwa Ufaransa, Cousteau aliogelea akiwa na mitungi mgongoni, bila kamba wala mpira. Chombo hicho kilichoitwa Aqua-Lung ndicho babu wa vifaa vinavyotumiwa na wazamiaji leo.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1947 mwenzao, Maurice Fargues, alijaribu kuvunja rekodi kwa kushuka hadi mita 120. Hakurudi akiwa hai. Katika kina kama hicho naitrojeni iliyomo hewani humlevya mzamiaji, akapoteza fahamu bila kujua kuwa yumo hatarini.

Calypso na filamu zake

Mwaka 1950 tajiri wa Uingereza, Loel Guinness, alinunua meli ya zamani ya kutegua mabomu ya baharini na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Meli hiyo, Calypso, ikawa maabara, studio na nyumba yake.

Filamu ya Ulimwengu wa Kimya, aliyoiongoza pamoja na kijana Louis Malle, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Sehemu yake ilipigwa katika Bahari Nyekundu na katika kisiwa cha Assumption, Shelisheli, ambako samaki aina ya chewa aliwazoea wazamiaji hadi akawa anawafuata.

Lakini filamu hiyo hiyo inaonyesha mabaharia wakiwaua papa kwa hasira, na baruti ikilipuliwa kwenye miamba ya matumbawe ili samaki waliokufa wahesabiwe. Msomaji wa pwani ya Tanzania, anayejua madhara ya uvuvi wa baruti, hahitaji kuelezwa kwamba mlipuko mmoja hubomoa nyumba ambayo matumbawe huijenga kwa miaka mingi.

Mwaka 1963 alijenga makazi chini ya maji huko Sha'ab Rumi, Sudan, ambako watu watano waliishi mwezi mzima katika kina cha mita 10. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye sekta ya mafuta, iliyotaka kujua kama binadamu angeweza kufanya kazi kwenye sakafu ya bahari.

Kugeuka na kulipa

Mabadiliko yake hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1960 alikuwa tayari amepinga mpango wa serikali yake wa kutupa taka za nyuklia katika Mediterania, na mpango huo ukaachwa. Kadiri alivyorudi mahali alipowahi kuzamia zamani na kukuta uhai umepungua, ndivyo alivyozidi kuwa mtetezi. Mwaka 1973 alianzisha taasisi ya kulinda bahari, na baadaye akakusanya saini za watu wengi kuitetea Antaktika. Mkataba wa kuzuia uchimbaji madini huko ulisainiwa Madrid mwaka 1991.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mwaka 1979 mwanawe Philippe, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki katika ajali ya ndege ya majini mjini Lisbon. Simone alifariki mwaka 1990, na mwaka uliofuata Cousteau alimwoa Francine Triplet, ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili. Alifikishana mahakamani na mwanawe Jean-Michel kwa sababu ya matumizi ya jina la ukoo. Januari 1996 Calypso ilizama bandarini Singapore baada ya kugongwa na tishari.

Cousteau alifariki Paris Juni 25, 1997 akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa katika mji aliozaliwa.

Wanasayansi wanaochunguza matumbawe leo, kuanzia Bahari Nyekundu hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, hushuka wakiwa na mitungi mgongoni kama alivyofanya yeye. Tofauti ni kwamba wao huhesabu samaki walio hai.